Farasi Karen, ofisi Upper Hill: kupanga miadi ya farasi ukiwa na kazi ya kutwa

Mtu anayefuga farasi mmoja Nairobi huku ameajiriwa kutwa hulalamikia muda. Mimi naona muda si tatizo lake la kwanza. Jumlisha saa zote ambazo fundi wa kwato, daktari na mtu wa meno wanahitaji kukaa na farasi mmoja mwenye afya kwa mwaka mzima: hazifiki wiki moja ya kazi. Kinachosumbua ni kwamba saa hizo zimetawanyika, karibu zote huangukia saa za ofisi, na wenye farasi wengi wanaamini kila mara lazima wawepo wenyewe. Si kweli. Miadi michache inamhitaji mwenye farasi. Mingi inahitaji tu mtu ambaye farasi anamjua, na ambaye ana ruhusa ya kusema ndiyo au hapana. Mwongozo huu unasimama juu ya tofauti hiyo.

Namwandikia mtu wa hali ya kawaida hapa kwetu: farasi analazwa kwenye yadi ya kulipia Karen, Lang'ata au Ngong, saisi, yaani mtunza farasi, yupo, na mwenyewe yuko Upper Hill, Westlands au katikati ya mji tangu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kama uko Nanyuki au Arusha, badilisha majina ya barabara tu.

Hatua ya 1: Pima mwanga ulio nao

Miongozo mingi ya farasi imeandikwa na watu wa Ulaya, ambako wakati wa kiangazi mtu hutoka kazini, akala, na bado akakuta jua limejaa uwanjani. Sisi tuko karibu na Ikweta. Nairobi jua huchomoza takriban kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi na kuzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni, mwezi wowote wa mwaka. Ukitoka ofisini saa 11 na Ngong Road imefungana, unafika yadi giza likiingia.

Kwa hiyo futa jioni ya siku za kazi kwenye orodha ya nyakati za miadi. Taa ya banda inatosha kwa sindano, lakini haitoshi kumwangalia farasi akitembezwa ili kujua anachechemea mguu upi, wala fundi hawezi kupima usawa wa kwato kwenye kivuli chake mwenyewe. Isitoshe, jioni ndiyo saa ya usubi, wale wadudu wadogo wanaosambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Saa hiyo farasi anafaa awe ndani ya banda, si nje akisubiri mtu.

Unabaki na vipande vitatu: asubuhi kabla ya kazi, Jumamosi na sikukuu, na saa za ofisi ambazo wewe hutakuwepo. Hicho cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho watu huacha kukitumia.

Hatua ya 2: Andika mizunguko, halafu tarehe

Chukua karatasi moja. Usianze na tarehe. Anza na kila jambo linarudi baada ya muda gani.

Kwato hukatwa au kuvishwa viatu upya kila wiki 6 hadi 8. Ukuta wa kwato hukua karibu milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na kiatu hakikui pamoja nao. Ukichelewa, kidole cha kwato hurefuka na mzigo huhamia nyuma, kwenye kano.

Meno hukaguliwa mara moja kwa mwaka kwa farasi mzima. Mwenye umri wa miaka 2 hadi 5, anayeng'oa meno ya utotoni, pamoja na mzee, hukaguliwa kila miezi 6.

Chanjo ya pepopunda na ile ya ugonjwa wa farasi wa Afrika hufuata ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Minyoo hupimwa kwa mavi kabla ya kutoa dawa, mara mbili au tatu kwa mwaka.

Kupe hawana miadi. Ni kazi ya kila siku ya saisi na brashi: masikioni, chini ya mkia, katikati ya mapaja. Kupe huleta homa ya damu inayofanya ufizi upauke au uwe manjano, kwa hiyo usiache kuuliza habari zao.

Sasa ndipo uweke tarehe, ukiangalia mvua. Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Usubi huongezeka baada ya mvua kubwa, na kinga ya chanjo huchukua wiki kadhaa kujengeka, kwa hiyo chanjo inatakiwa imalizike kabla ya mvua. Baadhi ya chanjo hizi hutolewa kwa sindano mbili zinazoachana wiki 3 au zaidi, na baada ya kila moja farasi hufanya kazi nyepesi tu kwa muda ambao daktari atakuambia. Usiiweke wiki mbili kabla ya mashindano kisha ukamlaumu daktari. Na kama yadi yako iko Lang'ata, kumbuka jirani zako: punda milia wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuonyesha dalili yoyote.

Hatua ya 3: Gawa miadi kwa swali moja

Kwa kila kilichoandikwa uliza: je, siku hiyo kuna uamuzi mpya utakaofanywa, au ni kazi ya kurudia?

Kukata kwato za farasi asiye na shida, kwa fundi mliyezoeana, ni kazi ya kurudia. Sindano ya pepopunda ya kila mwaka pia. Sampuli ya mavi haihitaji hata mtaalamu kufika. Hizi zote ni za saisi.

Za kwako ni hizi: mara ya kwanza fundi mpya anapomshika farasi wako, kuchechemea kokote, meno, kwa sababu farasi hudungwa dawa ya kumtuliza na huenda jino likapatikana lina kasoro, uchunguzi kabla ya kununua, na miadi yoyote ambayo mara iliyopita mtaalamu alisema "tutaangalia tena." Hapo ndipo siku zako za likizo ziende.

Ukimaliza mgawo huu utaona kwamba kwa farasi mzima, miadi inayokuhitaji kweli ni michache kwa mwaka. Wapo wanaokosa raha nikisema hivi. Wanaona kutokuwepo ni kutojali. Lakini nimeona mwenye farasi anayekimbia kutoka mkutanoni, anafika amechelewa, simu sikioni, farasi anashika wasiwasi wake, na fundi anapoteza nusu saa. Afadhali angebaki ofisini.

Hatua ya 4: Mpe saisi kauli, si kamba tu

Methali inasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye yadi, lako litakuwepo ikiwa saisi ana kauli. Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote.

Saisi mzuri anamjua farasi wako kuliko wewe. Yeye ndiye anayemwona saa 12 asubuhi, anajua jana alibakiza pumba, anajua mguu wa nyuma wa kushoto haupendi kushikwa muda mrefu. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa. Fundi anasema, "Huyu kiatu cha mbele kimeisha, tuweke kipya?" Saisi anaogopa kujibu kwa pesa ya mtu mwingine. Anakupigia. Uko mkutanoni. Fundi anaondoka, na miadi inayofuata ni baada ya wiki mbili.

Kaeni chini mara moja, wewe na yeye, mkubaliane mambo haya, kisha yaandikwe kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki na kubandikwa ndani ya chumba cha matandiko:

- Anaweza kukubali nini bila kukuuliza: viatu vipya, kuondoa kiatu kilicholegea, dawa ya kupaka kwenye jeraha dogo.
- Mambo gani lazima akupigie simu kwanza: sindano yoyote ambayo haikupangwa, kukata kwato zaidi ya kawaida, farasi kuchechemea baada ya fundi kuondoka.
- Asikubali nini kabisa: mtu asiyemjua kumtibu farasi, hata akisema ametumwa na wewe.
- Namba tatu za simu: yako, ya daktari, ya mtu wa pili mwenye kauli kama hupatikani.
- Viwango vya kawaida vya farasi akiwa ametulia: joto nyuzi 37 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika.

Mapigo mfanye mazoezi pamoja. Vidole viwili chini ya taya, upande wa ndani wa mfupa, pale mshipa unapopita kama uzi mnene unaoteleza. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Usitumie kidole gumba, utahesabu mapigo yako mwenyewe. Mara ya kwanza kila mtu hukosa mshipa. Farasi akitafuna hautaupata, kwa hiyo subiri amalize.

Kuna mambo mawili ambayo wenye farasi hupita juu yake. La kwanza ni salio. Ukitaka saisi akupigie, akutumie picha na video ya farasi akitembea, gharama ya bando ni yako, kila mwezi, bila kuombwa. La pili ni siku yake ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi Kenya angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na saisi ni mfanyakazi. Ukimwekea fundi siku ambayo saisi wako yuko kwao, utapata mtu wa zamu asiyemjua farasi wako, na kazi itaonekana. Jua siku hiyo kabla ya kupiga simu yoyote.

Asubuhi ya miadi yenyewe kazi ya saisi ni hii: farasi asipelekwe malishoni, abaki bandani. Miguu ioshwe mapema ikauke, maana fundi hawezi kufanya kazi kwenye kwato iliyojaa matope. Mahali pawe pagumu, pa tambarare, penye kivuli. Inzi wakiwa wengi apakwe dawa ya inzi kwanza. Farasi anayepiga teke inzi hawezi kujua kwamba kichwa cha fundi kiko hapo hapo.

Hatua ya 5: Fundi wa kwato, na jinsi ya kubaki kwenye daftari lake

Mafundi wazuri wa kwato Nairobi hawatoshi farasi waliopo. Usimtafute ukishahitaji. Tarehe ya miadi ijayo iwekwe kabla hajafunga sanduku lake la vifaa leo. Saisi anaweza kufanya hili kama umempa kalenda: "Fundi, baada ya wiki 6 itakuwa Jumanne, tukuandike?" Akikubali, umeshinda nusu ya vita.

Omba nafasi ya kwanza ya siku, saa 1:00 asubuhi. Fundi wa saa 1 hajachelewa popote bado. Fundi wa saa 8 mchana amebeba ucheleweshaji wa yadi zote alizopita. Ukitaka kuwepo, saa 1 ndiyo nafasi pekee ya siku ya kazi inayokuruhusu umwone farasi akitembezwa kabla na bado ukafika mezani asubuhi hiyo hiyo, kama umemwambia mkubwa wako kwamba siku hiyo utaingia saa 3.

Kama yadi ina farasi wengine, unganeni. Fundi akipata farasi wanne mahali pamoja hatakosa kuja, na gharama ya safari mnagawana. Anzisheni kundi la WhatsApp la hilo tu. Kundi likianza kuwa la kuuza matandiko na kutakiana heri, anzisheni jingine.

Siku moja kabla, mkumbushe. Ujumbe mfupi unatosha:

"Fundi, habari za jioni. Kesho saa 1:00 asubuhi tuko pamoja? Farasi watatu, viatu vinne kwa mmoja, wawili kukata tu. Saisi atakuwa amewatayarisha kivulini. Pesa natuma ukimaliza."

Na ukisema pesa unatuma akimaliza, itume akimaliza. Mwambie saisi akuandikie neno moja, "tayari," na utume kwa M-Pesa hata kama uko kwenye kikao. Ni sekunde chache chini ya meza. Mtu anayelipwa saa hiyo hiyo hukumbuka yadi hiyo anapopanga wiki yake. Mtu anayedai wiki mbili pia hukumbuka.

Saisi akutumie picha tano: kila kwato kutoka upande, farasi akiwa amesimama sawa, na moja ya nyayo za mbele. Ukizihifadhi kwa tarehe, baada ya miezi michache utaona mwenyewe kama kidole cha kwato kinazidi kurefuka, bila kuwepo hata mara moja. Piga picha kutoka usawa wa chini, simu karibu iguse ardhi. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama hudanganya.

Wakati wa masika ongeza tahadhari moja. Udongo mweusi wa sehemu za Karen na Lang'ata unaponyeshewa hunata na kunyonya viatu. Kiatu kitang'oka Jumatano, fundi ana nafasi Jumatatu. Hapo farasi abaki bandani, saisi aangalie kama msumari umebaki ndani, kwato ifungwe kwa kitambaa na mkanda mpana wa gundi, na wewe uendelee na kazi. Si dharura, isipokuwa amekanyaga msumari. Msumari uliochoma unyayo ni wa daktari, siku hiyo hiyo. Usiung'oe kabla hujaongea naye, maana atataka kujua umeingia wapi na kwa kina gani. Hata hivyo kama farasi anazidi kuukanyaga ndani, mpigieni naye atawaambia la kufanya.

Hatua ya 6: Daktari, nusu siku moja yenye mambo matatu

Daktari anapokuja, gharama ya safari unalipa akifanya jambo moja au matatu. Kwa hiyo chagua siku ya meno iwe nguzo, na uning'inize mengine juu yake: uchunguzi wa mwaka wa moyo na macho, pepopunda, kupima uzito kwa utepe. Muulize mapema ni yapi yanakwenda pamoja. Baadhi ya chanjo atapendelea kuziweka siku yake, farasi akiwa hajadungwa kitu kingine.

Hii ndiyo siku ya kuchukua likizo ya nusu siku. Sheria hiyo hiyo ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka, na waajiri wengi wanakubali kuzikata nusu nusu. Nusu siku mbili au tatu kwa farasi hazitakuharibia Krismasi.

Chukua asubuhi, si alasiri. Sababu ni dawa ya kutuliza. Farasi akishadungwa hushusha kichwa hadi mdomo ukaribie magoti, mdomo wa chini unalegea, na daktari anaweza kuweka chuma cha kushikilia taya, akavaa taa kichwani na kuingiza mkono mzima hadi magego ya nyuma. Hapo omba uangalie. Utaona kingo kali upande wa nje wa meno ya juu, na upande wa ndani wa yale ya chini, mara nyingine pamoja na kidonda shavuni mahali palipokuwa pakisuguliwa. Sauti ya tupa kwenye meno haipendezi, ila farasi halalamiki.

Baada ya hapo hatakiwi kula hadi aamke vizuri, kwa kawaida saa moja au mbili, kwa sababu akimeza akiwa na usingizi chakula kinaweza kumkwama kooni. Mtu lazima awepo kuangalia. Daktari akimaliza saa 4 asubuhi, saisi yupo, mchana unamngojea. Akimaliza saa 11 jioni, mna farasi mlevi na giza. Siku hiyo asipandwe.

Kuhusu nani wa kumwita: daktari wa mifugo Kenya lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na unaweza kuuliza namba yake ya usajili bila aibu. Anayepita yadi kwa yadi na tupa na dawa ya kutuliza mfukoni, bila usajili, asiguse farasi wako hata kama bei yake ni nusu.

Hatua ya 7: Mavi, miadi isiyohitaji mtu

Hii ni zawadi kwa mwenye kazi. Kabla ya kwenda ofisini, au kupitia saisi, okota mavi mabichi ya asubuhi hiyo, vipande viwili vitatu kutoka sehemu tofauti za rundo moja, vitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, toa hewa yote, funga, andika jina la farasi na saa. Weka penye baridi, usigandishe. Mfuko ufike maabara ndani ya siku moja. Ukiwa na njia ya Waiyaki Way, Kabete iko hapo hapo, na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko huko huko. Wengine humpa bodaboda mfuko ulio ndani ya boksi. Usimwambie bodaboda ni nini kama hataki kujua.

Matokeo huja kwa hesabu ya mayai ya minyoo kwa kila gramu ya mavi. Farasi mzima aliye chini ya 200 kwa kawaida hahitaji dawa wakati huo. Akipewa dawa, rudia kipimo baada ya siku 14 uone kama imefanya kazi, maana minyoo ya farasi imezoea dawa nyingi. Weka tarehe hiyo ya pili kwenye simu siku ile ile unayotoa dawa. Kila mtu huisahau.

Hatua ya 8: Upande wa ofisi

Mwambie mkubwa wako ukweli, mara moja, mapema. Utachekwa kidogo. "Kumbe wewe ni tajiri?" Cheka nao, halafu sema unachohitaji kwa maneno ya ratiba: "Kila wiki ya sita nitaingia saa 3 siku moja, nitafidia jioni hiyo. Na kuna namba moja ya simu nitakayoipokea hata kwenye kikao." Hayo ndiyo yote. Ukidanganya kwamba ni daktari wa mtoto, siku utakayokuwa na dharura ya kweli utakuwa umemaliza watoto.

Iweke namba ya saisi kwenye simu iwe inalia hata simu ikiwa kimya. Mkubaliane kwamba simu ni ya dharura, ujumbe ni wa mengine. Bila mpaka huo utapigiwa kuhusu pumba kuisha.

Jumamosi asubuhi iache iwe ya kupanda na kumwangalia farasi mwenyewe kwa mikono yako, miguu minne, mgongo, mdomo. Ukiijaza fundi na daktari kila wiki, utakuwa na farasi aliyetunzwa vizuri ambaye hujawahi kumpanda. Jumapili zenye mbio kwenye uwanja wa Ngong, wataalamu wengi wako huko hata hivyo.

Hatua ya 9: Siku mpango unapovunjika

Saa 5 asubuhi, simu inalia. Farasi anaangalia ubavu, anachimba ardhi kwa mguu, analala na kuinuka, hajanya tangu asubuhi. Ni tumbo. Saisi aondoe chakula chote, apime mapigo na joto, aangalie ufizi, na apige simu kwa daktari kwanza, wewe wa pili. Mpangilio huo uandikwe kwenye ile karatasi. Asitoe dawa ya maumivu kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu itaficha kile ambacho daktari anatafuta. Akitaka kulala bila kujibiringisha, aachwe alale. Kumtembeza hadi achoke hakutibu tumbo. Mapigo yakipita 50 hali ametulia, au ufizi ukigeuka rangi ya zambarau, ondoka ofisini. Usimalize kikao.

Na kwa siku ambayo hutapatikana kabisa, uko kwenye ndege au umelazwa hospitalini, daktari awe na barua yako yenye sahihi: anaweza kutibu hadi kiasi gani cha pesa, nani anaamua badala yako, na kama hakuna tumaini, kwamba unaridhia amalize mateso ya farasi bila kukungoja. Iandike siku ambayo farasi ni mzima. Mpe daktari nakala, saisi nakala, na yule mtu wa pili mwenye kauli. Irudie kila Januari, unapobadilisha ile karatasi ya chumba cha matandiko, maana namba za simu hubadilika na kiasi ulichoandika mwaka jana hakitatosha mwaka huu.